Halua ya Mzee Aloys

Kama kuna somo ambalo Mwalimu Khadidja hakukubali mtu mwingine alifundishe badala yake, lilikuwa somo la kushukuru. Kusoma, sawa, kila mwalimu anafundisha kusoma. Hesabu, sawa. Lakini kila Disemba, wiki ile ya mwisho kabla shule hazijafungwa kwa Noeli na Bonane, yaani mwaka mpya, alifuta ubao, akafuta tena pale palipokwisha kufutwa, kisha akawageukia watoto wake sitini na wanane wa mwaka wa pili. Kila mmoja, alisema, afikirie mtu mmoja aliyemtendea wema mwaka huu. Si Mungu, Mungu tunamshukuru kila siku. Si mama, mama naye mnamshukuru kila siku, au mnanidanganya? Mtu mwingine. Uende kwake kwa miguu yako, usimtume mtu, umtazame usoni, umwambie asante.

Watoto walikwenda kweli. Mmoja alimshukuru mama anayegawa maji bombani, mwingine fundi aliyemshonea kiatu bure, mwingine akaenda kumshukuru mbwa wa jirani, na huyo ikabidi aambiwe arudie zoezi. Khadidja alifurahi kila mwaka, na kila mwaka alijiona bingwa wa jambo hilo. Shule nzima pale Mutakura, mtaa wa Bujumbura, ilijua kwamba yeye mwenyewe, Mwislamu wa baba na mama, mzaliwa wa Buyenzi, kila wiki ya Noeli hubeba bakuli la halua mpaka mtaa wa Mutanga Nord kumshukuru mkuu wa shule wa zamani, Mzee Aloys. Ilijua kwa sababu alikuwa akiwasimulia.

Nami nitaisimulia, ila kwa kifupi, maana yeye huichukua saa nzima.

Miaka kumi na minane iliyopita Khadidja alikuwa mwalimu mgeni, mwenye mtoto mmoja wa miezi kumi na minne, Mazin. Mtoto akashikwa na homa, akaanza kukakamaa mikono. Mume alikuwa safarini Kigoma na lori. Khadidja alimfunga mtoto mgongoni akakimbia hospitali, na huko akakaa siku ishirini na nne kwenye kiti cha chuma, hajui Jumatatu wala Ijumaa. Hakumwambia mtu shuleni. Hakuandika barua ya kuomba ruhusa. Na mwalimu wa serikali anayepotea siku zote hizo bila barua, huhesabiwa ameiacha kazi, jina lake linafutwa, mtu mwingine anakaa mahali pake.

Mazin alipopona, alhamdulillahi, mama yake alirudi shuleni kuchukua vitabu vyake na kuaga. Alimkuta Direkteri Aloys mlangoni, miwani puani.

"Ingia darasani, Khadidja," alisema. "Mambo ya Rohero yamekwisha."

Rohero ndiko ziliko ofisi. Khadidja hakuuliza yamekwishaje. Aliingia darasani, akaandika tarehe ubaoni, akalia huku amewapa watoto mgongo. Disemba hiyo alikwenda dukani kwa Salem, mfanyabiashara wa ukoo wa Kiomani ambaye hupika halua yake mwenyewe nyuma ya duka, akanunua bakuli zima, akampelekea Aloys.

"Apana, mutoto yangu," alisema Aloys. "Si mi wa kushukuriwa."

Hapo inabidi ujue tabia ya mji huu. Bujumbura hakuna mtu anayekubali kushukuriwa. Ukimwambia mtu asante, atakujibu *ntaco*, yaani si kitu. Ukikazana, atakwambia ni Imana, yaani Mungu, si yeye. Mtu aliyekutoa mtoni unazama, bado atakuapia kwamba alikuwa anapita tu. Ndiyo adabu, na mtu anayezipokea shukrani mara moja tunamwona ana kiburi kidogo. Basi Khadidja alicheka, akasema, "Eeh, Direkteri, unyenyekevu huo!" akaacha bakuli mezani. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo, apana si mi, eeh unyenyekevu huo. Hata Aloys alipostaafu halua ilimfuata nyumbani, jumla mabakuli kumi na manane kwa hesabu ya Salem, pamoja na la mwaka huu.

Sasa nikwambie juu ya Madame Léoncie.

Darasa la Madame Léoncie na la Khadidja yanagawana ukuta mmoja. Watoto wa Khadidja wakiimba, na waliimba sana, Léoncie aliupiga ukuta kwa rula, pa pa pa, mpaka chokaa ikadondoka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, hanywi chai na wenzake, na akicheka, inabidi uhakikishe ni yeye kweli aliyecheka. Zamani ndiye aliyekuwa akipeleka bahasha za shule Rohero kila Ijumaa, na alikuwa karibu kabisa kupewa ukuu wa shule moja huko Mutanga Nord. Kisha, watu walisema, akapoteza barua ya mwalimu fulani. Ikalala mkobani mwake mpaka ikapotea. Ofisi ikampa karipio la maandishi, na ule ukuu akapewa mwingine.

Khadidja aliisikia habari hiyo chumba cha walimu miezi michache baada ya kutoka hospitali. Aliicheka, na akamtungia Léoncie jina: Madame Posta. Jina likakaa. Tangu siku hiyo, akiwa na karatasi yoyote ya kwenda Rohero, Khadidja aliipeleka mwenyewe kwa miguu, jua kali au mvua, na njiani aliwaambia watu kwamba hataki barua yake ilale kwenye mkoba wa Madame Posta. Utauliza mbona hakuwahi kudadisi ilikuwa barua ya nani. Hakudadisi. Alikuwa anacheka, na anayecheka hana muda wa kuuliza.

Mwaka huu alikwenda Mutanga Nord siku ya Alhamisi, maana Ijumaa ilikuwa siku ya kusomwa matokeo mbele ya wazazi, ile ambayo kila mtu huiita proklamasio. Mzee Aloys alikuwa barazani amevaa sweta kwenye joto lote lile. Macho yamefifia siku hizi, lakini harufu ya iliki aliitambua kabla bakuli halijafunuliwa.

"Khadidja! Ya Salem?"

"Ya Salem, Direkteri. Anakusalimu."

Rosette, binti yake, alileta vijiko. Mzee alikula kwanza, akahema kwa raha, ndipo akauliza habari za shule. Khadidja alimpa zote. Halafu mzee akasema, "Na Léoncie? Nasikia kesho ni siku yake ya mwisho. Pensheni. Umeshamuaga?"

"Madame Posta?" Khadidja alicheka. "Tutamuaga kesho, na watu wote. Rénovat amemununulia kitenge. Mi nimesema wamupelekee mpaka nyumbani, akibeba yeye atakipoteza njiani."

Rénovat ndiye mkuu wa shule wa sasa. Kijiko cha Mzee Aloys kilisimama.

"Hilo jina, Posta, ni nani alimupa?"

"Mi, Direkteri. Zamani sana," alisema Khadidja, na alisema kwa majivuno, jambo ambalo baadaye lilimchoma kuliko yote.

Mzee aliweka kijiko chini. Akamwambia Rosette azime redio.

"Ile barua Léoncie alipoteza, unajua ilikuwa ya nani?"

"Ya mwalimu fulani."

"Ilikuwa ya kwako."

"Mi sikuandika barua, Direkteri. Nilikuwa hospitali na mutoto. Sikuandika kitu."

"Ndiyo," alisema Mzee Aloys. "Aukuandika."

Akamweleza, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Ijumaa moja ya siku zile Léoncie, ambaye alikwisha kusikia kwa majirani kwamba Khadidja yuko hospitali na mtoto, alifika Rohero na bahasha zake, akaliona jina la Khadidja kwenye orodha ya watakaofutwa. Akasimama mbele ya meza ya mkubwa wa ofisi. Akasema barua ya ruhusa ya mwalimu huyu alikabidhiwa yeye siku ya kwanza kabisa, akaitia mkobani, akaisahau, na sasa haioni. Kosa si la mwalimu, ni langu. Wakalifuta jina la Khadidja kwenye ile orodha. Na Léoncie akarudi Mutakura bila ule ukuu wa Mutanga Nord.

"Mi nilijua kwa sababu karipio lilipitia kwangu," alisema mzee. "Akanikataza kusema. Akasema, wakijua akukuwa barua, watamufukuza Khadidja na mi pia, tutapoteza walimu wawili. Bon. Nikanyamaza. Lakini kila mwaka nakuambia si mi. Kila mwaka! We unacheka, unaacha bakuli. Na mi, Mungu anisamehe, halua naipenda."

Siku nyingine Khadidja angecheka hapo. Alilitazama bakuli, akamtazama mzee, akasikia uso unawaka.

"Ataondoka lini?"

"Kesho kutwa asubuhi. Anarudi kwao Ngozi, kwa dada yake. Nyumba ameshaitoa."

Alitembea mpaka Mutakura bila kuona njia. Aibu ilimpanda mara ya kwanza pale kwenye kona, ikampanda tena mbele ya duka la mkate, na kila ilipopanda ilikuja na sauti yake mwenyewe ikisema Madame Posta. Miaka kumi na minane! Amewafundisha watoto zaidi ya elfu moja kwenda na miguu yao kwa mtu mwenyewe, na yeye miguu yake imekwenda nyumba isiyo ndiyo mwaka baada ya mwaka. Mtu mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta, anapiga rula.

Hata hivyo, chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na alipofika nyumbani ndipo alipokitambua. Mazin alikuwa amerudi kutoka kazini, anatengeneza majokofu kwenye karakana moja ya Rohero, na alikuwa anakula wali na maharage, sahani ya pili. Ana karibu miaka ishirini na mabega kama mlango. Khadidja aliketi akamtazama anavyotafuna. Siku zile, wakati yeye yuko kwenye kiti cha chuma akiamini kwamba hakuna mtu duniani anayewafikiria, kulikuwa na mtu. Alishukuru, akamwongezea maharage.

"Mazin, unamukumbuka Madame Léoncie?"

"Yule mukali?"

"Yule," alisema Khadidja. "Kula, mwanangu."

Lakini atamshukuru vipi? Alijua kitakachotokea. Atakwenda, atasema asante, na Léoncie atajibu *ntaco* huku akitafuta ufunguo wake. Akikazana, ataambiwa ni Imana. Kesho kutwa basi litaondoka, na itakuwa kama hakusema kitu. Halua haikufaa, Léoncie ana ugonjwa wa sukari, hata yale mabakuli kumi na manane yangefika kwake asingeyala. Kusema mbele ya wazazi wote ndiyo kabisa haikuwezekana, maana kumsifu Léoncie hadharani kungekuwa kutangaza kwamba alidanganya ofisi. Khadidja aligeuka kitandani huku na huku. Adhana ya alfajiri ilipoita aliswali, kisha, jua halijatoka, akaketi mezani na karatasi moja na kalamu ya wino wa bluu.

Ijumaa mvua ilitishia, haikunyesha. Wazazi walijaa uwanjani na kanga zao vichwani, watoto wa sare za khaki na za bluu wamepangwa mstari, na Khadidja akawasoma watoto wake wote, wa kwanza mpaka wa sitini na nane, kama ifanywavyo huku. Bibi mmoja alipiga vigelegele mjukuu wake aliposomwa wa hamsini na tatu, kwa sababu mwaka jana alikuwa wa mwisho. Khadidja alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa gauni, ulimokuwa na bahasha.

Mwisho Rénovat alimwita Léoncie mbele. Akamfunika kitenge mabegani, akasifu miaka yake thelathini na tatu, na kwa kuwa ni kijana mwenye utani, akasema, "Nani atatupigia ukuta sasa? Nani atatubebea barua zetu, Madame Posta wetu?"

Uwanja mzima ulicheka. Khadidja alikisikia kicheko kile akakitambua, kilikuwa chake, yeye ndiye aliyekizaa. Léoncie alisimama wima, kitenge mabegani, akingoja kiishe.

"Kuna mwalimu anataka kusema neno?" aliuliza Rénovat, na kila mtu akamgeukia Khadidja. Nani mwingine, bingwa wa shukrani?

Alisimama. Maneno yalikuwa tele, na hata moja halikufaa pale.

"Mi na Madame Léoncie tumegawana ukuta miaka mingi," alisema. "Namwomba msamaha. Kwa kelele zangu zote."

Watu wakacheka tena, wakidhani anasema juu ya nyimbo. Léoncie hakucheka. Alimtazama Khadidja kidogo zaidi ya desturi, kisha akainama kuchukua mkoba wake.

Wazazi walipotawanyika, Khadidja alimkuta darasani kwake anafuta ubao usio na kitu. Rula ilikuwa juu ya meza, mkoba wa ngozi nyeusi kando yake, uleule wa miaka yote, pembe zimechakaa. Khadidja alisimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa.

"Madame Léoncie. Nina barua. Naomba unipelekee Rohero."

Léoncie aliendelea kufuta.

"We? Barua yako, unipe mi?" alisema bila kugeuka. "Mu mukoba ya Madame Posta?"

Alijua, basi. Alijua jina, na alijua lilitoka kinywa gani. Khadidja alitamani sakafu ipasuke, lakini miguu yake, kama ile aliyowaambia watoto waitumie, ilimpeleka mpaka mezani. Akaweka bahasha. Léoncie alifuta mikono chaki, akavaa miwani, akaifungua.

Iliandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, chenye heshima nyingi mwanzo na mwisho. Ukiziondoa heshima, ilisema hivi: Naomba ruhusa ya siku ishirini na nne. Mtoto wangu Mazin ni mgonjwa sana na sina wa kumwachia. Barua hii naikabidhi mkononi mwa Madame Léoncie, mwalimu mwenzangu, ambaye namwamini. Chini kulikuwa na sahihi ya Khadidja, na juu kulikuwa na tarehe, siku ileile aliyokimbia hospitali, miaka kumi na minane nyuma.

Léoncie alisoma. Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu, akasoma tena.

"Aloys," alisema. "Muzee yule amesema."

"Amesema jana. Madame, mi sikujua. Wallahi sikujua. Na lile jina..." Sauti ilimkatika, machozi yakatoka, akayaacha yatoke. "Usiniambie ntaco. Nakuomba. Usiniambie ni Imana. Ulikuwa we."

Nje watoto walikuwa wakiimba njiani, wimbo wa Khadidja, kwa sauti kubwa isiyo na mpangilio. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeupiga ukuta.

"Mutoto alikuwa mugonjwa," alisema Léoncie hatimaye. "Ulitaka niseme nini?" Akaikunja barua, akaikunjua tena. "Jina liliniuma. Sitakudanganya, liliniuma sana. Nikisikia watoto wako wanaimba, nilikuwa nasema, bon, wanaimba, mwalimu wao yuko. Halafu napiga ukuta." Akapangusa miwani. "Na yule mutoto?"

"Anatengeneza frigo. Anakula sahani mbili. Ni mukubwa kuliko huo mulango."

"Sahani mbili," alisema Léoncie, na safari hii hakukuwa na haja ya kuhakikisha, alikuwa anacheka.

Khadidja alingoja. Alijua kwamba sasa ndipo litakapokuja, lile neno la kusukuma shukrani kando, na hakuwa na dawa nyingine. Léoncie alifungua mkoba wake akatoa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Akaiweka barua juu ya dawati dogo, akailainisha kwa kiganja. Pembeni juu, kama alivyokuwa akifanya na kila bahasha wakati barua za shule zilipokuwa kazi yake, aliandika *Reçu*, imepokelewa. Akatia tarehe ya leo. Akatia sahihi yake, ndefu, yenye mkia.

Kisha akaitia mkobani, akafunga zipu, akaivuta kujaribu kama imefunga, akaivuta tena.

"Hii aitapotea," alisema.